Maskati wakati wa joto: chuo kikuu kinapofunga, sanaa huenda wapi?

Kila ifikapo katikati ya Juni, eneo la Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos huko Al Khoudh, zaidi ya nusu saa kwa gari kutoka Maskati ya kale, huanza kupwaya. Mabasi ya wanafunzi yanapungua. Mbao za matangazo zilizokuwa zimejaa habari za mashairi, michezo ya kuigiza na maonyesho ya picha zinabaki na karatasi za muhula uliopita, zimepinda pembe kwa jua. Wanaobaki ni wachache wa muhula mfupi wa kiangazi, walimu wenye tafiti zao, na wafanyakazi wa bustani ambao humwagilia miti alfajiri kabla jua halijawa kali.

Mtu anayekuja hapa kutoka London au Berlin, miji ambayo vyuo vyake huitumia Julai kutoa viti nje, kupiga muziki bustanini na kuigiza Shakespeare chini ya miti, anaweza kudhani kwamba watu wa hapa hawana habari na sanaa. Tumewasikia wageni wakisema hivyo, tena kwa uhakika mkubwa. Kwa hakika sanaa ipo, na ni nyingi. Ila kalenda yake imegeuzwa na jua. Msimu wa utamaduni wa Maskati huanza pale Ulaya inapovaa makoti, na hufungwa pale Ulaya inapoyavua.

Wasomaji wetu walioko Afrika Mashariki huenda wakafikiri tunatia chumvi tukizungumzia joto. Basi tutaje tukio moja tu. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulioko ufukweni kusini-mashariki ya Maskati, kipimo cha joto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Wataalamu wa hali ya hewa duniani waliliandika tukio hilo kuwa rekodi. Zanzibar watu hulalamika nyuzi zikifika 33. Nchini Oman sheria inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mwajiri anayekaidi huadhibiwa. Nchi ambayo fundi wa ujenzi haruhusiwi kusimama juani haiwezi kumtaka mwanafunzi apige ngoma uwanjani.

Ni vyema kukumbusha chuo hiki ni kitu gani kwa Waomani. Marehemu Sultan Qaboos bin Said alitangaza nia ya kukijenga mwaka 1980, ujenzi ukaanza 1982, na wanafunzi wa kwanza, kama 500 hivi, wake kwa waume, wakaingia madarasani mwaka 1986. Kabla ya hapo kijana wa Kiomani aliyetaka digrii alilazimika kwenda Cairo, Baghdad, Uingereza au Marekani. Kilianza na vitivo vitano: tiba, uhandisi, kilimo, ualimu na sayansi. Kitivo cha sanaa kilifuata mwaka 1987. Mpangilio huo wenyewe unaeleza mengi. Nchi ilitaka kwanza daktari na mhandisi, kisha mshairi, ingawa mshairi ndiye aliyekuwepo hapo tangu zamani.

Na mshairi hakukaa nyuma. Jumuiya ya fasihi ya wanafunzi wa chuo hiki inaitwa kwa jina la Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 anayehesabiwa kuwa na asili ya Oman, ambaye ndiye aliyeziwekea kanuni bahari za ushairi wa Kiarabu. Washairi kadhaa wanaosomwa leo nchini Oman walisoma tungo zao za mwanzo mbele ya wenzao katika jumuiya hiyo, wakikosolewa bila huruma. Kuna pia vikundi vya maigizo, upigaji picha, uchoraji na muziki. Kati ya Oktoba na Aprili si ajabu jioni moja ikawa na shughuli mbili au tatu ndani ya chuo.

Hapo ndipo alipo pia mwandishi ambaye ulimwengu ulimjua ghafla mwezi wa Mei 2019. Jokha Alharthi, mhadhiri wa fasihi ya Kiarabu katika chuo hiki aliyesomea udaktari wake Edinburgh, alipata tuzo ya Man Booker International pamoja na mfasiri wake Marilyn Booth, kwa riwaya ambayo kwa Kiingereza inaitwa Celestial Bodies. Ilikuwa riwaya ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiarabu kupata tuzo hiyo. Kwetu sisi tunaosoma kwa jicho la Afrika Mashariki, jambo kubwa halikuwa zile pauni 50,000 walizogawana wawili hao. Jambo kubwa ni kwamba riwaya hiyo inauzungumzia utumwa ndani ya nyumba za Waomani bila kuuma maneno, na utumwa ule ulikuwa na mlango wake upande wetu wa bahari.

Nje ya chuo, kalenda ni ile ile. Jumba la Opera la Kifalme lililoko Shati al-Qurum, lililofunguliwa Oktoba 2011 kwa opera ya Turandot, hufungua msimu wake joto linapopungua na kulifunga pazia kabla halijarudi kwa nguvu. Tamasha la Maskati lililoanza mwaka 1998 liliwekwa Januari na Februari, na tangu mwaka 2023 mahali pake pamechukuliwa na tamasha la Nyakati za Usiku wa Maskati, nalo ni la majira hayo hayo ya baridi. Maonyesho ya kimataifa ya vitabu huandaliwa kabla joto halijapanda, ingawa Ramadhani nayo huyasogeza huku na kule. Julai na Agosti zimeachwa tupu.

Zimeachwa tupu katika ratiba rasmi, tunakusudia. Kwani watu hawaachi kuimba kwa sababu ukumbi umefungwa.

Sehemu moja ya sanaa ya majira haya inahamia Salalah, kilomita 1,000 kusini ya Maskati. Huko Dhofar, kuanzia Juni 21 hadi Septemba 21, ni msimu wa khareef: mawingu yanashuka milimani, manyunyu hayakatiki, na majabali yaliyokuwa makavu yanavaa kijani. Familia zinapakia magari na kuendesha kutwa nzima jangwani ili zikarowe. Serikali imeweka huko matamasha yake makubwa ya kiangazi, na vikundi vya ngoma za asili kutoka mikoa yote hupelekwa kucheza. Mwanafunzi aliyekuwa akicheza katika ukumbi wa chuo mwezi wa Machi, unaweza kumkuta Agosti yuko Salalah na kikundi cha mji wake.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Upepo unaoleta manyunyu hayo ya Salalah si mgeni kwa msomaji wa pwani. Ni kusi. Ni upepo ule ule unaoanza kuvuma Unguja na Mombasa masika yakimalizika, ukapita ikweta, ukapinda kuelekea Uarabuni. Wazee wetu walioondoka Zanzibar kwa majahazi waliungojea upepo huo kurudi Maskati na Sur, kama walivyoingojea kaskazi ya Disemba kuja kwetu. Mabaharia walikuwa na kalenda yao kabla ya wizara yoyote kuandika ratiba ya tamasha.

Tukirudi Maskati, usiku wa Julai una mambo yake. Baada ya sala ya Isha mji unafufuka. Barabarani kunanuka mishkaki, ambayo Waomani wanaiita kwa jina hilo hilo na wengi wao hawajui kuwa neno hilo linawaunganisha na Forodhani. Likizo ni wakati wa arusi, kwa kuwa jamaa walioko nje wamerudi. Na ndani ya kumbi za arusi, zenye viyoyozi vinavyounguruma kama ndege, kunapatikana sanaa ambayo haimo katika kipeperushi chochote cha utalii: taarabu ya Kiswahili, inaimbwa na wanawake ambao wajukuu wao ni wanafunzi wa Al Khoudh.

Safari ya taarabu ni ya kuchekesha ukiifikiria. Masimulizi ya Zanzibar yanasema Sultan Barghash, mtawala wa ukoo wa Kiomani aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka mtu Cairo akajifunze muziki huo. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964 muziki huo ukavuka bahari ndani ya vifua vya watu, ukaja kukaa Maskati kama mgeni. Umetoka Uarabuni ukarudi Uarabuni, na uliporudi ulikuwa unasema Kiswahili.

Waliokuja nao wanajulikana hapa kwa jina la Wazinjibari. Wengi waliitikia wito wa Sultan Qaboos baada ya yeye kushika madaraka Julai 1970, wakati nchi ilipohitaji watu waliosoma. Walikuwa na Kiingereza na elimu, lakini Kiarabu cha baadhi yao kilikuwa kidogo, na hilo liliwagharimu masikioni mwa jirani. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za miaka ya 1970 na 1980 wazazi walifanya uamuzi uliokuwa na mantiki yake: mtoto aseme Kiarabu vizuri kuliko wenyeji, na Kiswahili kibaki cha watu wazima jikoni. Hatuwalaumu. Aliyewahi kuhama nchi anajua jinsi lafudhi inavyoweza kumfungia mtu mlango.

Matokeo yake yanaonekana leo chuoni. Kijana wa kizazi cha tatu anaelewa bibi yake anaposema, anacheka panapostahili kucheka, lakini akijibu anajibu kwa Kiarabu. Anazijua nyimbo za arusi kwa sauti, si kwa maneno. Lugha za kufundishia chuoni ni Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili, ambacho ni lugha ya nyumbani ya maelfu ya raia, hakina hadhi rasmi nchini.

Lakini kipo jukwaani, na watu hawakijui. Tunakusudia leiwa.

Leiwa ni ngoma ya pwani ya Oman na ya nchi nyingine za Ghuba. Wachezaji huzunguka duara, katikati wapo wapiga ngoma na mpiga zumari. Ngoma kubwa inaitwa kwa jina linalotokana na msondo, neno ambalo mtu wa Dar es Salaam analijua vyema kwa bendi ya Msondo Ngoma. Katika nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili, mengine yamechakaa kwa kupita midomo mingi kiasi kwamba anayeyaimba hajui tena maana yake. Ngoma hiyo ilivuka bahari na watu wa Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa na kizazi chao, miaka mingi kabla ya Wazinjibari wa 1964. Kwa maneno mengine kuna Waswahili wa aina mbili nchini Oman: waliokuja na pasipoti na waliokuja bila kuulizwa. Wa kwanza wana lugha na wanaipoteza. Wa pili lugha iliwapotea zamani, wamebaki na mdundo.

Oman imefanya kazi nzuri ya kuhifadhi mdundo. Kituo cha Muziki wa Asili kilianzishwa mwaka 1983 na kimerekodi na kupiga picha ngoma za kila pembe ya nchi. Katika matamasha ya kiangazi ya Salalah na katika hafla za chuo wakati wa baridi, leiwa hupandishwa jukwaani kwa heshima kama sanaa ya taifa, na ndivyo inavyostahiki. Kinachotusumbua ni kwamba huchezwa mbele ya vijana ambao bibi zao wangeweza kuwafasiria baadhi ya maneno yale, na hakuna anayewaita bibi hao ukumbini.

Na sasa tufike kwenye tarehe. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaanza kuadhimishwa 2022. Ni heshima ambayo hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imeipata. Tarehe yenyewe imechaguliwa kwa kumbukumbu ya Julai 7, 1954, pale TANU chini ya Julius Nyerere ilipokifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Tunajua kwamba katika baadhi ya baraza za Maskati jina hilo halipokewi kwa tabasamu, kwa sababu ya yaliyopita baina ya watu wa Visiwani na Bara. Hiyo ni habari ndefu. Kikwazo kikubwa zaidi ni chepesi kabisa kukieleza: Julai 7 chuo hakina watu.

Siku pekee katika mwaka ambayo dunia nzima imekubali kukisikiliza Kiswahili inaangukia ndani ya wiki ambazo Maskati imejifungia ndani, wanafunzi wametawanyika hadi Dhofar na Sharqiyah, na wale ambao siku hiyo inawahusu zaidi wako uwanja wa ndege, wanapanda ndege ya saa tano kwenda Unguja.

Maana huko ndiko sehemu nyingine ya kiangazi cha Maskati inakokwenda. Julai na Agosti ni kipupwe Zanzibar, hewa ni baridi kidogo, na familia nyingi zenye asili ya huko huenda kuwaona jamaa. Wakifika wanakuta visiwa vina shughuli. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza 1998, kwa miaka mingi limekuwa likifanyika karibu na mwezi huo, na uwanja wake mkuu ni Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno pwani mwishoni mwa karne ya 17. Makunduchi wanasherehekea Mwaka Kogwa, watu wanapigana kwa migomba na kibanda kinachomwa moto. Vuga kuna Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na ambayo imewafundisha Kiswahili Wazungu, Wajapani na Wamarekani wasiohesabika.

Mwanafunzi wa Al Khoudh anakaa Unguja wiki tatu, anakula urojo, anaangalia filamu katika boma la mababu zake, anajifunza maneno hamsini ambayo hakuyajua. Septemba anarudi chuoni. Je, maneno yale hamsini anayapeleka wapi? Hakuna jioni iliyowekwa kwa ajili yake.

Rai yetu ni ndogo na haihitaji bajeti ya wizara. Julai 7 ibaki na dunia. Lakini wanafunzi wa Maskati wenye asili ya pwani, na walimu wao, wawe na jioni yao ya Kiswahili mwezi wa Oktoba au Novemba, hewa inapokuwa nzuri na kumbi zimejaa. Chuo chenye jumuiya inayobeba jina la mtu aliyezipima bahari za ushairi wa Kiarabu hakiwezi kukosa hamu ya kusikia ushairi wa Kiswahili, ambao hupimwa kwa mizani, yaani idadi ya silabi, na vina vya kati na vya mwisho. Tuna hakika vijana wa jumuiya ya Al-Khalil wangeufurahia ubishi huo. Waalikwe na wazee wa leiwa kutoka Seeb na Batinah, wakae safu moja na mabibi wa taarabu, maneno yaliyochakaa yatafutiwe maana mbele ya hadhira. Pengine wengine wangegundua siku hiyo kwamba ni jamaa.

Kuna watakaosema kwamba jambo kama hilo litawagawa Waomani kwa asili zao. Hoja hiyo tumeisikia katika nchi nyingi, ikiwemo yetu tuliyoiacha, na kwa kawaida husemwa na mtu ambaye lugha yake mwenyewe iko salama. Oman ina Kibaluchi, Kijibbali, Kimehri na Kiluwati, na haijavunjika kwa hilo. Sultan Haitham bin Tarik, kabla ya kurithi kiti Januari 2020, alikuwa kwa miaka mingi waziri wa turathi na utamaduni. Hapana shaka anajua kuwa turathi haiishi kwenye kabati la vioo tu, hata kama kabati lenyewe ni la Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa Julai 2016, ambayo ni mahali pazuri sana pa kukimbilia mchana wa joto na tunawashauri wasomaji wayatembelee.

Ama likizo yenyewe, ina kazi yake. Waliopanda meli na ndege mwaka 1964 wakiwa na miaka ishirini sasa wamepita themanini. Kila kiangazi wanapungua. Mwanafunzi aliyefungiwa ndani na joto, chuo kimefungwa, usiku mrefu na simu mkononi, ana chombo cha kurekodia ambacho redio nyingi za Afrika hazikuwa nacho miaka thelathini iliyopita. Amkalishe bibi, ampe kahawa, amuulize ziliimbwa nyimbo gani siku ya arusi yake, nani alipiga udi, waliimba wapi, Malindi au Mkunazini. Azime kiyoyozi kwanza, maana mngurumo wake unaharibu sauti. Na akifika kwenye ngoma, aulize jina la kila moja na ilichezwa kwa jambo gani, kabla hajauliza maneno ya nyimbo. Majina ndiyo yanayotangulia kupotea.